Naambiwa nihesabu nani kachangia kwenye grupu, na anayeongoza kwa kutochangia ni aliyenilea kazini

BARUA

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, Kanda ya Ziwa. Nafundisha Hisabati madarasa ya juu. Naomba jina langu na la shule visitoke, huku kwetu wote tunajuana.

Nilipopata ajira nilikuta darasa la watoto zaidi ya tisini na madawati ya kugombania. Yale ya chuoni yaliishia mlangoni. Aliyenishika mkono ni mwalimu mmoja mkongwe, nitamwita Mama Neema ingawa si jina lake. Alinifundisha kuligawa darasa kubwa, kusahihisha bila kubeba furushi la madaftari nyumbani kila siku, hadi duka la kukopa unga mpaka mshahara utoke. Mpaka leo namwamkia kama mama yangu mzazi.

Baadaye nikajiunga na makundi ya walimu wa Hisabati, moja WhatsApp, jingine Telegram. Kwa muda mrefu nilikuwa nasoma tu, sisemi neno. Siku moja mwalimu wa Mbeya ambaye sijawahi kumwona aliweka picha za karatasi aliyoikunja na kuipaka rangi, kuonyesha kwamba nusu na theluthi hazijumlishiki mpaka zikatwe vipande vinavyolingana. Kesho yake nikakunja karatasi mbele ya darasa langu. Watoto waliokuwa wanalala wakaamka. Tangu hapo nikawa mtu wa kuwaonyesha wenzangu stafu kila ninachookota.

Mwalimu mkuu akaona, akaniteua niwasaidie wenzangu kuanza kutumia mitandao kujifunza, kama sehemu ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Nikaunda grupu. Tukaingia wote isipokuwa mmoja mwenye kiswaswadu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Kisha jioni moja Mama Neema akatuma sauti, walioisikia walinisimulia baadaye, sufuria zinagongana nyuma: "Jamani, darasa la tano wananishinda kwenye sehemu. Nusu jumlisha theluthi wanaandika mbili ya tano. Kiasi cha juu wanajumlisha na kiasi, asili ya chini na asili. Nimeeleza KDS, kigawe kidogo cha shirika, mpaka koo limekauka. Ninyi mnafanyaje?" Kabla hajajibiwa, kijana mmoja wa ajira mpya akaandika: "Madam, miaka yote hiyo kazini bado sehemu zinakusumbua?" Akamalizia na vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Wengine wakaongeza vya kwao. Nilipoingia usiku nikakuta pameandikwa tu kwamba ujumbe umefutwa.

Hajaandika tena, na wengine pia wameacha kuuliza. Grupu sasa ni la taarifa za vikao, rambirambi, "Amina", na matangazo ya watu wanaouza maazimio ya kazi, ile mipango ya kufundishia. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja akaweka video ya mtoto wa darasa la tatu anayesoma kwa kukwama, uso na sauti vyote, eti tumshauri. Ikavuka mpaka kwenye status. Mzazi akaja shuleni anawaka moto.

Sasa mwalimu mkuu amebana. Afisa Elimu Kata anataka ushahidi kwamba walimu wanajifunza, kwa hiyo kila mwalimu achangie angalau kitu kimoja kwa wiki, nami niandike orodha ya wasiochangia, wajieleze. Jina la kwanza litakuwa la Mama Neema. Nilipomgusia akanijibu: "Mwanangu, mimi na simu hatuelewani. Niacheni nistaafu salama." Amebakiza miaka miwili.

Vijana wa stafu wanasema wakongwe wanaogopa teknolojia na bila kulazimishwa hawataanza. Mwalimu mkuu naye namwelewa, mtaala umebadilika na hatuwezi kuacha watu nyuma. Nikimwandika Mama Neema najiona mchawi. Nisipomwandika namdanganya bosi wangu. Mume wangu anasema niachane na yote, bando ni langu na posho hakuna.

Je, hawa wakubwa wanaweza kusaidiwa kuanza, au umri umeshapita? Na hiyo orodha niiandike?

Mwalimu wa Zamu

JIBU

Marahaba mwalimu wangu, na pole kwa kazi.

Barua yako ina maswali mawili mwishoni, lakini mimi nimeona uzito uko kwingine. Uliitwa uwasaidie wenzako wajifunze, na katikati ya safari umekabidhiwa daftari la mahudhurio. Hizo ni kazi mbili, na zinagombana. Mtu anayejua kwamba jina lake liko mkononi mwako hatakuja kukunong'oneza kwamba kitu fulani hakijui. Sidhani kama mwalimu mkuu alikusudia hivyo. Yeye pia anadaiwa karatasi na walio juu yake.

Turudi kwanza kwa Mama Neema, maana nadhani stafu nzima mmemsoma vibaya. Mnasema anaogopa teknolojia. Mtu anayeogopa teknolojia harekodi sauti akiwa jikoni akaituma kwenye grupu. Na hawezi, ndani ya muda mfupi, kuibonyeza tena, akachagua kufuta kwa kila mtu na si kwake peke yake, kabla wewe hujaiona. Wako vijana wasiojua tofauti ya hivyo viwili. Ukichunguza, usishangae kukuta ndiye anayetunza hesabu za kikoba chenu kwa simu hiyohiyo. "Mimi na simu hatuelewani" ni jibu la mtu mwenye adabu ambaye hataki kusema mbele ya mwanawe wa kazi: mlinicheka, na wengine mkanyamaza.

Halafu litazame lile swali lenyewe. Hakusema "sijui sehemu". Alieleza kosa la watoto kwa usahihi ambao mkufunzi angeupenda: wanajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, na kanuni ya KDS haijaligusa kosa hilo. Mwalimu anayeuliza hivyo ameshafanya nusu ya utafiti. Waliocheka hawakutoa jibu, na nina wasiwasi baadhi yao hawanalo. Kujua kwamba jawabu ni tano ya sita si sawa na kujua la kumwambia mtoto aliyeandika mbili ya tano. Ungeweza, kwa mfano, kumuuliza mtoto huyo: mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Ni ndogo. Sasa imekuwaje umeanza na nusu, umeongeza kitu juu yake, na umepata pungufu ya ulichoanza nacho? Swali la namna hiyo lingeweza kuwapa walimu wote wa shule yenu kikao kizima cha kujifunza. Likaishia kwenye vikatuni.

Kuhusu umri, nikukumbushe historia ya kazi yetu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 nchi ilihitaji walimu wengi kwa haraka kwa ajili ya UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, na maelfu yao walisomeshwa wakiwa tayari kazini, kwa vipindi vya redio, masomo ya posta na wakufunzi waliowafuata vituoni. Kwa hiyo mwalimu wa Tanzania kujifunza kutoka kwa mtu asiyemwona hakukuanza na simu janja. Mama Neema huenda alifundishwa shule ya msingi na mmoja wao. Ila redio ilikuwa na fadhila moja ambayo grupu halina: usipoelewa, hakuna aliyekuona. Somo la posta lilisahihishwa likarudi kwako, kosa likabaki kati yako na msahihishaji. Kwenye grupu unakosea mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya uliowalea, mbele ya mtu anayeweza kupiga skrinishoti na kuipeleka asikokujua. Mwenye miaka mingi kazini ana heshima nyingi zaidi ya kupoteza hapo, na anayeingia leo ana kidogo. Ndiyo maana vijana wenu wanaona kuandika ni jambo jepesi.

Na wewe je, ulianzaje? Umeandika mwenyewe kwamba kwa muda mrefu ulikuwa unasoma tu, husemi neno. Laiti mtu wa lile grupu angekuwa na orodha, ungekuwa mtoro namba moja. Lakini ulikuwa unajifunza, na ushahidi haukuwa kwenye grupu bali kwenye karatasi uliyoikunja darasani kwako. Mtafiti Mmarekani Jean Lave alikaa na mafundi cherehani wa Monrovia, Liberia, miaka ya 1970, akaona wanagenzi wao hawaanzi na mkasi. Wanaanza pembeni, kushona vifungo na kupinda pindo, huku wakitazama nguo inavyokamilika. Kukata kitambaa kunakuja baadaye, maana kosa la mkasi ni ghali. Kwenye stafu yenu agizo la sasa linamtaka kila mtu aanze na mkasi.

Haya, orodha. Sitakuambia uiandike au usiiandike, maana mimi sitakuwepo ofisini siku ya kujieleza. Ukiiandika, utakuwa umetii, na huenda mmoja au wawili waliokuwa wazito wataamka kweli, hilo hutokea. Lakini jiandae kupokea viungo vya YouTube ambavyo aliyevituma hajavifungua, na PDF za maazimio zilizonunuliwa na kubadilishwa jina la shule. Hesabu itapanda na darasani hakutabadilika kitu. Ukikaa kimya usiiandike, utakuwa unamficha mkubwa wako jambo, na likijulikana atakayeumia zaidi huenda si wewe, ni Mama Neema, atakayeambiwa alikuwa anabebwa.

Kuna mlango wa katikati, nao una bawaba zake mbovu. Mwone mwalimu mkuu faraghani, si kwenye grupu na si kikaoni, ukiwa na karatasi mkononi badala ya malalamiko. Yeye anahitaji ushahidi. MEWAKA yenyewe imejengwa juu ya jumuiya za kujifunza, zile JzK, walimu kukutana palepale shuleni na kuchambua somo. Mwulize kama ushahidi hauwezi kuwa muhtasari wa kikao cha JzK: tatizo lilikuwa hili, wazo tulilipata pale, fulani alilijaribu darasa fulani, matokeo yakawa haya hata kama ni mabaya. Ni mistari michache tu, na kwa maoni yangu Afisa Elimu Kata atapata humo kitu cha maana kuliko hesabu ya nani katuma nini. Hatari ni kwamba anaweza kukuona unampinga, hasa kama agizo ameshalitangaza mbele ya watu na kulirudisha ni aibu kwake. Hapo lugha ina kazi. "Naomba tulijaribu kwa mwezi mmoja" inasikika tofauti na "utaratibu huu haufai".

Vikao vya namna hiyo vinamsaidia pia mwenzenu wa kiswaswadu, ambaye kwa agizo la sasa ana hatia kabla hajaanza. Simu moja inatosha. Ukiwa na video fupi, ipakue nyumbani kwa ubora wa chini, picha itakuwa na ukungu kidogo lakini mkono unaokunja karatasi utaonekana. Itazameni pamoja, kisha zima simu na mzungumze. Na kwenye mipangilio ya WhatsApp zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe, uwaonyeshe na wenzako. Wapo wanaoamini mtandao unakula pesa kumbe ni video za harusi zinazojipakua usiku. Kasoro ya njia hii ni kwamba kila kitu kitakuegemea wewe, siku ukiwa na mgonjwa hakuna kikao, na mume wako ataongeza lingine kwenye shauri lake. Kwa habari ya bando, kwa kweli, ana hoja. Kama kazi ni ya shule, si dhambi kuuliza shule inachangia nini.

Unaweza pia kutenganisha makundi: lile la sasa libaki la taarifa na misiba, na liwepo dogo la wanaotaka kuchambua masomo, bila bosi ndani. Watu huuliza kwa uhuru zaidi asipokuwepo anayewajazia tathmini. Ila shule yenu ni ndogo. Grupu lisilo na mwalimu mkuu litaitwa grupu la kumsema mwalimu mkuu kabla hata ya salamu ya kwanza. Ukichagua hilo, mjulishe mwenyewe kabla hajasikia kwingine.

Kuna wengine huona ni rahisi kuuliza kwa wageni. Mwalimu wa Mbeya hatakutana na Mama Neema kwenye foleni ya benki. Makundi makubwa ya mikoa yote yana faida hiyo, na mtu akiingia kusoma tu hakuna anayemuuliza. Lakini usimsukume mtu humo bila kumwandaa. WhatsApp inaonyesha namba yako kwa kila mwanakundi, na walimu wa kike wanajua ujumbe wa saa tano usiku unavyoanza: "Mambo, nimeona namba yako kwenye grupu." Telegram inaruhusu kuificha namba na kutumia jina, mradi uiweke hivyo kwenye mipangilio. Humo humo wamo matapeli wa uhamisho, wanaokuhakikishia kituo cha mjini ukitanguliza "ya maji". Wapo pia wanaodai kuwa na mtihani kabla ya siku yake. Huyo usimjibu, toka kwenye grupu hilo.

Lile la video ya mtoto sitalipambapamba. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, sura na sauti ya mtoto si mali ya mwalimu kuisambaza, hata kwa nia njema. Mzazi alikuwa na haki ya kuwaka. Mwalimu mkuu amwite, amsikilize, na aliyeiweka ahakikishe imefutwa alikoituma. Mkitaka kuchambua kosa la mtoto, ukurasa wa daftari wenye jina limefunikwa kwa kidole unatosha, na mara nyingi unafundisha zaidi ya uso wake.

Sasa mama yako wa kazi. Ungeweza kumfuata, si kwa ajili ya simu. Nenda na karatasi zako mbili na umwambie kilichotokea darasani kwako ulipozikunja, kisha umwulize yeye angeliendeshaje hilo kwa darasa lake, maana watoto wa la tano anawajua kuliko wewe. Usimfanyie hila ya kumrudisha kwenye grupu. Mtu mzima huinusa. Pengine mazungumzo yatafika huko yenyewe, pengine atakubali mrekodi mikono yake ikikunja karatasi bila uso wala jina. Pengine atasema ameridhika na hataki mtandao wowote mpaka atakapostaafu, na hilo nalo ni jibu la mtu mwenye akili timamu. Wewe mwenyewe ulijifunza darasa la watoto tisini kwake bila MB hata moja.

Kuhusu kijana aliyeandika lile neno, sina hakika kama anajua alichofanya. Wengi wa umri wake huona vikatuni ni utani wa kupita. Kumkemea kwenye grupu kutazaa la pili. Kama kuna mwalimu wa makamo anayemsikiliza, amkalishe, na kama atakubali kuomba radhi aende kwa miguu na mtu mzima pembeni, si kwa ujumbe. Alimcheka hadharani, kwa hiyo baadhi yenu mtaona radhi iwe hadharani pia. Hapo mwulizeni Mama Neema. Huenda kinachomuuma zaidi ni kuona jambo lenyewe linafufuliwa mbele ya watu.

Usiyafanye haya yote kwa mkupuo. Ukiniuliza lipi lina haraka, ni mazungumzo na mwalimu mkuu, kwa sababu orodha ikishawekwa mezani mara moja itakuwa desturi. Na ikiwa atashikilia kwamba lazima iandikwe, basi Mama Neema alisikie kwako kabla ya kulisikia kikaoni, na mwenye kiswaswadu aandikiwe sababu yake palepale pembeni ya jina, kwa wino.

Niandikie atakavyojibu.